HELB Inakudai na Huna Kazi

"Unafanya kazi wapi?"

Aliyeulizwa hakuwa mimi. Alikuwa dada aliyenitangulia kwenye foleni, ndani ya Anniversary Towers pale University Way, asubuhi ambayo kila mtu alikuwa na haraka ya kurudi alikotoka. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, imejaa vyeti, cha darasa la nane kikiwa juu kabisa sijui kwa nini. Alikuwa amefuata cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi na HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo. Kaunti moja ilikuwa imemwita kwa mahojiano.

"Natafuta," akajibu.

"Mwajiri wa mwisho?"

"Sijawahi kuajiriwa. Nafundisha watoto tuisheni mtaani."

Karani hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kwa sababu fomu inauliza, kisha akaigeuza skrini ili dada ajisomee mwenyewe. Dada akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, akawa anazihesabu tarakimu kutoka kulia kwenda kushoto kama mtu anayesoma mita ya stima.

"Hizi sufuri mbili za mwisho ni senti, sivyo?"

Hata ukiziondoa hizo za senti, palikuwa na zaidi ya laki tatu.

Nilimaliza shughuli yangu nikatoka, lakini swali lile lilinifuata. Limenisumbua wiki kadhaa sasa, hasa kwa sababu siku zilezile rafiki yangu aliye Uingereza alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kuhusu deni hilihili, akicheka. Nikabaki na watu wawili kichwani. Mmoja hana cha kulipa. Mwingine anacho, ila hataki. Na kwenye kompyuta ile wote wawili wako kundi moja: wasiolipa.

## Hesabu yenyewe

Nianze na hesabu, maana hapa ndipo watu hudanganyana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Chukua komredi, yaani mwanachuo, wa mpango wa zamani wa mikopo, kabla ya mfumo mpya wa 2023, aliyepewa Sh45,000 kwa mwaka. Miaka minne, Sh180,000. Sehemu ilipelekwa moja kwa moja chuoni kama karo. Iliyobaki ndiyo ile iliyofanya hosteli zinukie kuku wa kukaanga wiki ya kwanza, na wiki ya tatu watu wakaanza kutembeleana saa za chakula.

Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa Sh180,000, hiyo ni Sh7,200. Hakuna benki Nairobi itakayokukopesha kwa riba hiyo hata ukiweka shamba la babu rehani. Kwa riba sina neno.

Neno langu ni faini.

Sh5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Zidisha kwa miezi kumi na miwili upate Sh60,000. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha juu kabisa cha mkopo wa mwaka mzima kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika mpango ule. Yaani kila mwaka unaokaa bila kulipa, unaandikiwa deni jipya la kiasi kile walichopewa waliokuwa na shida kuliko wote, na safari hii hakuna shilingi inayoingia kwenye akaunti yako.

Kwa komredi wetu wa Sh180,000, miaka mitatu ya kukosa kazi inatosha kulifanya deni kuwa mara mbili. Miaka mitatu! Nairobi hii, miaka mitatu ya kutafuta kazi ni jambo ambalo hata halishangazi watu tena.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliweka breki. Ilisema kwamba HELB nayo inabanwa na kanuni ambayo benki zimebanwa nayo tangu 2007: riba na faini zikikusanyika zisipite lile deni lililokuwa limebaki ulipoacha kulipa. Ni ushindi mkubwa, na wengi wenye deni hawaujui. Lakini tazama ushindi wenyewe. Mahakama ilisema faini zisivuke mara moja ya deni. Mtu asiye na kazi, aliyekopa laki na themanini, bado anaweza kudaiwa laki tatu na sitini, na yote hayo yakawa halali.

## Saa inaanza lini

Sheria ni ya 1995. Inasema uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Baada ya kumaliza masomo. Haisemi baada ya kupata kazi.

Hata huko kumaliza masomo kwenyewe, anayejua vyuo vyetu vya umma anajua jinsi kulivyo na utata. Wahadhiri wamegoma. Alama za somo moja la mwaka wa pili hazionekani, na mwalimu aliyesahihisha karatasi ameshahamia chuo kingine. Unakaa nyumbani ukingoja mahafali, huna cheti cha kuombea kazi, na mwaka wako wa neema unayoyoma hivyohivyo.

Nimejaribu kuwaza waliotunga utaratibu huu walikuwa wakimwona nani akilini. Nadhani walimwona mhitimu wa zamani, wa enzi za ule mpango wa mikopo ulioanza 1974, aliyetoka chuoni akaingia ualimu au wizarani. Mtu mwenye mwajiri. Ndiyo maana mzigo mzito wa kazi ya kukusanya umewekwa mabegani mwa mwajiri: akikuajiri, sheria inamtaka akukate mshahara na kupeleka makato. Kwa mtu kama huyo mpango unafanya kazi vizuri mno, hata hahisi. Mimi mwenyewe nilikatwa kwa muda mrefu bila kuhisi.

Toa mwajiri kwenye picha, na mpango wote unapofuka. Hauwezi kutofautisha anayefundisha tuisheni Kayole na anayelipwa kwa pauni Leeds. Wote hawana hati ya mshahara ya Kenya. Kitu pekee kinachowafikia wote wawili ni faini.

## Komredi wa Leeds

Nitamwita Komredi, kama tulivyoitana chuoni. Alisomea uhasibu, akazunguka na bahasha yake mjini hadi viatu vikalika, kisha akapata njia ya kwenda Uingereza kutunza wazee. Anafanya zamu za usiku. Ana mgongo unaomuuma na picha nzuri sana za theluji.

Ujumbe wake ulikuwa hivi, nimeufupisha: "Hilo deni halina mwenyewe. Serikali haikunipa kazi, mimi niilipe nini? Viza nilijilipia. Ndege nilijilipia. Na kila mwezi natuma pesa nyumbani. Si hizo pia zinajenga nchi?"

Sikuwa na jibu. Nasema kweli, kwa wiki nzima sikuwa na jibu.

Maana hoja yake ina miguu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95. Wanasiasa wakipanda jukwaani kule ng'ambo huwaita mashujaa kwa fedha hizo. Komredi ni mmoja wao. Paa la mama yake amelibadilisha yeye. Dada yake mdogo, aliye mwaka wa kwanza chuoni, hupata matumizi kutoka kwake.

Na hapo kwa dada yake ndipo nilipokwama.

Dada huyo naye ameomba mkopo, akapewa. Pesa za HELB hazitoki hazina peke yake. Zinazorudishwa na waliotangulia hukopeshwa tena wanaofuata. Kwa hiyo Komredi anapomtumia dada yake matumizi kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto amezuia chungu kilekile anachotarajia dada yake apakuliwe. Nilimwambia hivyo. Akaniambia hizo ni hisia, nimletee hoja.

Kuna jambo jingine ambalo hakulitaja, nami sikutaka kumkumbusha mapema. Fomu.

Wasomaji wa umri wangu mnaikumbuka ile fomu. Kurasa zake nyingi, nakala za vitambulisho vya wazazi, muhuri wa chifu, muhuri wa wakili anayekupiga bei kulingana na jinsi unavyohema. Na wadhamini. Mama yangu aliisaini yangu kwenye meza ya duka la fotokopi, taratibu, herufi moja moja, ulimi umetokeza kidogo kama afanyavyo anapotunga uzi kwenye sindano. Hakuuliza riba ni ngapi. Aliuliza kama kalamu ya buluu inakubalika.

Ya Komredi ilisainiwa na mjomba wake. Sahihi ya mjomba iko pale hadi leo.

## Kwa wenzetu

Nilitaka kumtisha Komredi, kwa hiyo nikaenda kutafuta mifano ya nchi zinazowafuata wadaiwa wao hadi ughaibuni. Nikaipata. New Zealand, Januari 2016, mtu wa kwanza alikamatwa uwanja wa ndege akitaka kuondoka nchini kwa sababu ya mkopo wa masomo. Australia tangu 2017 inawataka wahitimu wake walio nje watangaze mapato yao ya dunia nzima na kulipa kutokana nayo.

Nilipoendelea kusoma, nikaona sehemu iliyonivutia zaidi kuliko kukamatwa. Australia tangu ilipoanza mpango wake 1989 haikuangalia kalenda. Iliangalia mapato. Hulipi mpaka mapato yako yafike kiwango fulani. Ukikosa kazi, deni linangoja. Uingereza anakoishi Komredi ni vivyo hivyo: mhitimu wao wa shahada ya kwanza hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango kilichowekwa. Chini ya hapo hakatwi kitu. Akihamia nchi nyingine anatakiwa aseme anapata kiasi gani huko.

Kwa hiyo wana haki ya kumfuata hadi ng'ambo kwa sababu wamekubali kwanza kumwacha anapokuwa hana. Sisi tumechukua nusu moja ya mpango huo, ile ya kufuata, na hata hiyo tunaifanya kwa faini badala ya macho.

Tanzania nao wana lao. Sheria yao ya 2016 ilipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara, na kelele zikawa kubwa. Lakini mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na ile faini ya asilimia 10 nayo ikaenda. Nasikia wengine hapa wakisema kufuta faini ni kuua mfuko. Jirani amefuta, na wanafunzi wake bado wanakopeshwa.

## Ukikosa kazi katikati

Nimesema nilikuwa nakatwa bila kuhisi. Kisha kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ikapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Mshahara na makato vikakoma siku moja. Deni lenyewe likaendelea.

Wengi hudhani mwajiri atawaambia HELB kwamba umeondoka na mambo yatasimama. Hayasimami. Niliandika barua pepe wiki ileile, nikaambatanisha barua ya kuachishwa kazi, nikaomba nilipe kidogo kidogo kwa M-Pesa hadi nipate kitu. Kisha nikaenda mwenyewe kuuliza kama imeonekana. Ndiyo iliyonipeleka kwenye foleni ile. Nimekuwa nikilipa kiasi ambacho sitakitaja kwa aibu, na kila ujumbe wa malipo nimeuhifadhi. Salio unaweza kuliangalia kwa simu kupitia *642#. Liangalie. Najua hutaki. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hujikata yenyewe pesa ikiingia, hutakiwi kuwa na ujasiri. Hili linahitaji ujasiri kidogo.

Kama umeitwa kwa mahojiano, kuna jambo dada wa foleni alipaswa kuambiwa na waliomwita. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Mwajiri hatakiwi kukudai vile vyeti vya kuthibitisha kwamba hudaiwi na huna doa, cha HELB kikiwemo, isipokuwa amekusudia kukupa mkataba. Kukudai cheti ili tu uingie chumba cha mahojiano ni kukutwika gharama kabla hajakupa chochote. Matangazo ya kazi yanayoviomba mapema bado nayaona kila wiki.

Kwa walio nje: namba ya simu. Namba ya zamani ya Komredi ilikaa bila kutumika hadi ikapewa mtu mwingine. Alipoipigia kwa kujaribu, ikapokewa na mama mmoja wa Kitale, ambaye alimwambia kwa uchungu kwamba kuna watu wanaomdai mkopo wa chuo kikuu, naye hakuvuka darasa la saba.

## Msamaha ni wa nani

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mara kwa mara HELB hutangaza msamaha wa faini. Masharti hubadilika, ila umbo ni lilelile: lipa deni lako lote kwa mkupuo ndani ya muda fulani, usamehewe faini yote au sehemu kubwa. Ujumbe wa pili wa Komredi ulihusu hilo. Alikuwa mtulivu zaidi, ameshapiga hesabu. "Nitangoja msamaha ujao. Nitalipa yote siku moja, faini zifutwe, nichukue cheti. Kwa nini nilipe sasa?"

Nilisikiliza mara mbili. Hana kosa. Amezisoma sheria za mchezo vizuri kuliko mimi.

Sasa mrudishe yule dada wa tuisheni kwenye hesabu hiyo. Faini zake ni nyingi kwa sababu hana pesa. Msamaha unamtaka awe na pesa, laki moja na themanini kwa mkupuo, ndani ya miezi michache. Angekuwa na laki na themanini, asingekuwa na faini. Mlango uliofunguliwa kwa jina lake unapitiwa na Komredi, mwenye akiba ya pauni, aliyekuwa na uwezo wa kulipa tangu mwanzo.

Nimewaeleza marafiki wawili watatu jambo hili na wameniambia taasisi inahitaji fedha haraka, mkupuo ndio unaoleta fedha. Naelewa. Lakini tusiuite huruma kwa wasio na kazi. Tuuite punguzo kwa wenye akiba.

Ningepewa kalamu, ningegeuza. Anayethibitisha hana kazi, faini isimame tangu siku aliyotoa taarifa, na anayelipa hata elfu moja kwa mwezi bila kukosa asamehewe faini pole pole kadiri anavyolipa. Kuthibitisha si vigumu. KRA, mamlaka ya kodi, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zinajua nani analipwa na nani halipwi. Aliye nje atangaze mapato yake, akikataa, huyo ndiye atozwe Sh5,000 kwa mwezi bila kuonewa huruma. Mswada wa kumwondolea riba mhitimu hadi apate kazi uliwahi kupelekwa bungeni. Kifungu cha mwaka mmoja kingali kinasomeka vilevile.

Hesabu hii yote nilimtumia Komredi kwa ujumbe mrefu mno, wa aina ambayo mtu huufungua, akiona maandishi yamejaa skrini, akaufunga. Alikaa kimya. Kisha mjomba wake akampigia kutoka nyumbani. Mzee anataka mkopo wa sakko kununua ng'ombe, na mtu kwenye matatu alikuwa amemwambia kwamba wadhamini wa HELB nao hutafutwa. Alitaka tu kujua kama jina lake liko salama.

Komredi aliniandikia usiku huo akiwa zamuni. Ataanza na pauni hamsini kwa mwezi, ambazo kwa hapa ni zaidi ya elfu nane, bila kungoja msamaha wowote. Sababu aliyotoa haikuwa dada yake, wala mfuko, wala yale yote niliyomwandikia. Alisema hataki mjomba ampigie tena kwa sauti ile.

Nimemtumia maelezo ya kulipia. Nimemwambia pia abadilishe namba ya simu kwenye rekodi zao, yule mama wa Kitale apumzike.